Mwache Dodoki akosee

*Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali kwenye shule ya msingi huku Newala. Kwenye simu nimekuwa nikiangalia vipande vya Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha televisheni, yule ndege mrefu wa njano na yule mwekundu, Elmo. Nikavutiwa, nikashona kikaragosi changu kwa soksi ya kijani, nikakiita Dodoki. Siku ya kwanza watoto wawili walilia na mmoja akatoka mbio hadi kwenye mwembe. Sasa wamemzoea, wanamsikiliza kuliko mimi, na kuna binti ambaye tangu Januari hajawahi kunijibu hata "nzuri", lakini kwa Dodoki amefunguka, amemtajia hadi jina la mbuzi wao. Shida yangu ni kwamba siwezi kubana sauti, watoto wanaona midomo yangu ikicheza, na naona kama nawadanganya. Wale wa kwenye televisheni wanafanyaje? Na mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba nafundisha watoto kuongea na mashetani. Naomba ushauri.*

Mwalimu, hongera kwa Dodoki, na pole kwa huyo mzazi, tutafika kwake. Naanza na hilo la kudanganya, kwa sababu ukilibeba moyoni utakuwa unamshika Dodoki kwa aibu, na kikaragosi kikishikwa kwa aibu watoto hawaoni kitu zaidi ya soksi.

Huwadanganyi. Mtoto wa miaka mitano anajua fika kwamba Dodoki ni soksi na kwamba mkono ulio ndani ni wako. Jioni hiyo hiyo atapika ugali wa mchanga kwenye kifuu, atakukaribisha, atasisitiza unawe mikono kwanza, na ukiutia mdomoni kweli atashtuka na kukuona wewe ndiye huna akili. Anajua ni mchanga, na anajua ni ugali. Hayo mawili hayagombani kichwani mwake, basi na wewe usiyagombanishe. Wakikuuliza, "Mwalimu, si ni wewe unayeongea?" wajibu, "Ndiyo, ni mimi." Halafu Dodoki ageuke aulize, "Nani huyo anayeongea?" Watacheka na kazi itaendelea.

Wasiwasi wako waliwahi kuwa nao watu wenye shahada kubwa kabla yako. Sesame Street ilianza kurushwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969. Waanzilishi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, walikuwa wamejizungushia wanasaikolojia wa watoto, na ushauri waliopewa ulikuwa wa kutenganisha: vikaragosi vya fundi wao, Jim Henson, vibaki kwenye vipande vyao, na ule mtaa unaoonyeshwa kwenye kipindi uwe wa watu wa kweli tu, watoto wasije wakachanganya kilichopo na cha kubuni. Julai mwaka huo wakatengeneza vipindi vitano vya majaribio, wakavionyesha kwa watoto wa Philadelphia. Vikaragosi vilipokuwa kwenye kioo, watoto waliganda. Mtaa wa watu peke yao uliporudi, watoto wakaanza kutazama kwingine.

Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa na kipimo chake ambacho mwalimu yeyote atakielewa mara moja. Kando ya televisheni aliweka mashine ya picha, inayobadilisha picha kila baada ya sekunde 7 na nusu, kisha akawa anaandika ni lini hasa macho ya mtoto yanahama. Wewe huhitaji mashine. Una dirisha, na nje kuna mbuzi.

Baada ya majaribio yale watengenezaji waliuweka ushauri kando. Wakambuni Big Bird, yule ndege mrefu wa njano, wakambuni na Oscar anayeishi kwenye pipa la taka, wakawaweka mtaani pamoja na muuza duka na majirani. Kipindi kile kimedumu zaidi ya miaka 50 kwa sababu nyingi, lakini uamuzi huo mmoja ndio uliokipa sura yake. Na kwako una maana ya moja kwa moja: usimfungie Dodoki kwenye boksi lenye pazia. Nimeona walimu wengi wakihangaika kutengeneza majukwaa ya makaratasi, na kwa darasa la awali mimi siyapendi hata kidogo. Unajificha nyuma ya boksi, darasa linabaki bila mtu mzima, na uso wa mwalimu ambao watoto wanausoma kila dakika unapotea. Kaa kwenye kigoda, Dodoki akae gotini kwako, muongee mbele ya watoto mkionekana wote wawili.

Midomo yako kucheza si neno. Kinachoharibu ni macho yako. Ukimtazama Dodoki wakati anaongea, watoto watamtazama Dodoki. Ukiwatazama watoto wakati Dodoki anaongea, watakutazama wewe, na hapo ndipo wanapoiona midomo. Jaribu kesho utaona. Sauti nayo usiibane. Ibadilishe mwendo badala ya kuipandisha: wewe ongea upesi kidogo, Dodoki aburute maneno, au kinyume chake. Koo lako unalihitaji mpaka Desemba.

Sasa, kwa nini wanamsikiliza yeye kuliko wewe? Usione wivu. Wewe ni mtu mzima, una chaki, una daftari la mahudhurio, na kila swali unalouliza jibu lake unalo tayari. Watoto wanalijua hilo. Swali la mtu mwenye jibu ni mtihani, na mtihani una kukosea, na kukosea kuna wenzako wanaocheka. Dodoki akiuliza, anauliza kwa kuwa hajui. Mtoto hajaribiwi tena, anaombwa msaada. Siri yote ya vikaragosi vile imo humo, na hata wao hawakuanza wakiwa nayo.

Mchukue Big Bird. Ana futi 8 na inchi 2, yaani karibu mita 2 na nusu, anawapita urefu watu wazima wote wa mtaa ule. Aliyekuwa ndani yake tangu 1969 hadi 2015 ni Caroll Spinney, na sauti yake aliendelea kuitoa hadi alipostaafu 2018. Mwanzoni kabisa Big Bird alichezwa kama jitu zito la kuelewa, mshamba wa kuchekesha. Haikupita muda Spinney akaona hapana, huyu ni mtoto tu, anachojua ni kile anachojua mtoto, na akaanza kumcheza hivyo. Hatimaye akatulia kuwa mtoto wa miaka sita. Hapo ndipo watoto walipomchukua. Kwa mfano, aliwahi kuziona herufi zote 26 zimeandikwa kwa mfuatano akadhani ni neno moja refu, akahangaika kulitamka na kujiuliza linamaanisha nini. Mtoto wa miaka minne aliyekaa mbele ya televisheni, ambaye jana tu alijifunza kwamba hizo ni herufi, ghafla anakuwa ndiye mjuzi kwenye chumba. Elmo naye amewekwa kwenye miaka mitatu na nusu na hatoki hapo, na ni makusudi.

Kwa hiyo mpe Dodoki upungufu wake, mmoja tu, na aushikilie. Kikaragosi kinachokosea kila kitu kinachosha, na kinachojua kila kitu ni mwalimu wa pili. Mimi kwa darasa la awali ningempa kasoro ya kuhesabu: anaruka nne. Weka korosho tano mezani, mbichi na maganda yake, zionekane hadi nyuma. Dodoki anainama, pua ikigusa kila moja: "Moja. Mbili. Tatu. Tano!" Nyamaza. Usimsahihishe. Utasikia "Nneee!" kutoka pande zote. Dodoki: "Nne ndiye nani?" Mwite mtoto mmoja aje aiguse nne. Dodoki anamshukuru, anarudia, na safari hii anafika mpaka nne salama halafu anaona ya tano na kusema, "Na hii je? Imebaki." Watoto wako watahesabu korosho zile mara nane bila kujua kwamba wamefanya zoezi, na hakuna hata mmoja aliyeitwa mjinga isipokuwa soksi.

Lile neno "nyamaza" ndilo gumu kwa walimu. Kwenye vipande vya kwanza kabisa vya Sesame Street yumo mwigizaji James Earl Jones, mwenye sauti nzito, akitaja herufi. Herufi inatokea, yeye kimya, anatazama tu, kisha polepole anaitaja. Watafiti wakaona jambo ambalo halikupangwa. Mara ya kwanza mtoto anaifuata sauti yake. Akirudiwa tena, anataja pamoja naye. Akirudiwa zaidi, mtoto anaitaja kwanza, ndani ya ule ukimya, kabla Jones hajafungua mdomo. Ukimya ule ndio uliomfundisha. Basi Dodoki akiuliza kitu, hesabu kimoyomoyo mpaka nne kabla ya mtu mzima yeyote kusema neno. Utaona ni muda mrefu mno. Vumilia.

Umeuliza wale wa televisheni wanafanyaje. Nikikueleza utaona kwamba wewe una kazi nyepesi kuliko yao. Kikaragosi cha aina ya Elmo kinachezwa na mtu aliye chini, nje ya picha, mkono mmoja ameunyoosha juu ya kichwa chake, vidole vikiwa ndani ya mdomo wa kikaragosi. Mkono wa pili unashika vijiti vyembamba vinavyosogeza mikono. Hawezi kumwona Elmo moja kwa moja kama mtazamaji anavyomwona, kwa hiyo anatazama kioo cha televisheni kilichowekwa chini karibu naye, na picha ya humo si ya kama kwenye kioo cha kujitazamia: ukipeleka mkono kulia, kikaragosi kwenye picha kinakwenda kushoto. Wanaoanza kazi hiyo huchanganyikiwa siku nyingi. Wapo vikaragosi kama Ernie na Cookie Monster ambao mikono yao ni ya mtu kweli, imevalishwa glavu, na hapo wanahitajika watu wawili wamebanana: mmoja kichwa na mkono wa kushoto, mwingine mkono wa kulia peke yake. Yule wa kulia anatakiwa abashiri mwenzake anataka kushika nini.

Big Bird ndiye mateso zaidi. Mchezaji yumo ndani mzima. Mkono wake wa kulia ameuinua juu, ndio unaoshika kichwa na mdomo, kidole kidogo kikichezesha kope. Mkono wa kushoto umo kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia basi halina mtu. Limefungwa kwa uzi wa mshipi, ule ule wanaovulia samaki kule Mikindani, unaopita kwenye kitanzi chini ya kidevu na kuungana na bawa la kushoto, hivi kwamba la kushoto likishuka la kulia linapanda. Ukimtazama kwa makini utaona mkono wake wa kulia hauna akili yake wenyewe. Na kwa kuwa ndani haoni kitu, mchezaji anajifunga televisheni ndogo kifuani na kumwona ndege wake humo, kurasa za mazungumzo zikiwa zimebandikwa pembeni yake. Spinney alifanya hivyo mpaka umri wa zaidi ya miaka 80.

Kwa Dodoki mambo mawili tu yanakutosha: mdomo na macho.

Mdomo kwanza. Kidole gumba chini, vidole vinne juu, na kati yao weka kipande cha boksi gumu kilichokunjwa ili mdomo uwe na taya. Sasa sikiliza kosa ambalo karibu kila mtu huanza nalo: anafungua mdomo kwa kuinua vidole vinne. Ukifanya hivyo kichwa chote kinarukia nyuma na Dodoki anafanana na kuku anayekunywa maji. Acha vidole vinne vitulie, shusha gumba. Taya ya chini ndiyo inayotembea, kwake kama kwetu. Kisha mfunguo uende na silabi. Kiswahili kinatubeba sana hapa kwa sababu silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, na irabu ndiyo inayoachia mdomo. "Korosho" ni kufungua mara tatu, ya katikati kubwa kuliko zenzake kwa kuwa ndiko mkazo unakokaa. "Mbu" ni mara moja tu. "Mtoto" anaianza akiwa amefumba, m inapita kwenye midomo iliyofungwa, kisha anafungua mara mbili. Wengi hufanya kinyume, wanafumba kwenye sauti na kufungua kwenye kimya, ndipo kikaragosi kinapoonekana kinauma maneno badala ya kuyasema. Fanya mazoezi mbele ya kamera ya mbele ya simu yako, dakika chache usiku, ukisema majina ya watoto wa darasa lako. Kamera hiyo inakuonyesha kama kioo, kwa hiyo mgogoro wa kulia na kushoto hautakusumbua.

Macho. Aliyebuni nyuso nyingi za mwanzo za vikaragosi vya Henson ni Don Sahlin, na alikuwa makini mno na mahali mboni zinapokaa. Ukibandika mboni katikati kabisa ya jicho, kikaragosi kinatazama ukuta nyuma ya darasa. Zisogeze kidogo kuelekea puani, zote mbili, na ghafla anatazama kitu. Chukua vifuniko viwili vya chupa za plastiki, vyeupe, mboni za kitambaa cheusi, na usigundishe mpaka ujaribu: mwelekeze Dodoki kwa mtoto mmoja, uwaulize wengine anamtazama nani. Wakitaja majina tofauti, sogeza tena. Mengine yote, nywele za sufi au sponji ya godoro kichwani, ni urembo, na fundi cherehani yeyote wa sokoni atakupa vipande vya kitenge bure.

Wale waliolia sasa. Uko Newala, Mwalimu. Uso usio wa mtu unaotembea si kitu kigeni kwa watoto hao. Wameona au wamesimuliwa mapiko, wacheza ngoma wa Kimakonde wenye vinyago. Lipiko anavaa kinyago cha mti mwepesi kinachofunika kichwa kizima, anachungulia kupitia mdomo wa kinyago, mwili umefunikwa nguo, na haongei. Kwa desturi ya zamani asiyepita jandoni hakutakiwa kujua nani yumo ndani, na kutimua watoto ilikuwa sehemu ya mchezo. Aliyekimbilia mwembeni alifanya kile ambacho mtoto mwenye akili kwenye uwanda wa Makonde amekuwa akikifanya siku zote.

Usimlazimishe kumgusa Dodoki. Geuza mambo. Lipiko ana nguvu kwa sababu ni mkubwa, yuko kimya na hajulikani. Dodoki awe mdogo, msemaji, na mkono wako uonekane mpaka kwenye kiwiko. Na zaidi ya yote, yeye ndiye awaogope watoto. Ukipata mwanafunzi mpya, Dodoki akae ndani ya mkoba, atoe jicho moja, asikie kelele, arudi ndani. Waambie darasa, "Amewaogopa." Watanyamaza wenyewe, watanong'ona kumbembeleza atoke. Mtoto mwenye hofu ghafla anakuwa na mamlaka: akipaza sauti Dodoki anaingia, akitulia Dodoki anatoka. Baada ya kipindi, ivue soksi iache juu ya meza ikiwa imelala. Wenyewe watakuja kutia mikono.

Ambalo sitaki kusikia ni "mkipiga kelele namwita Dodoki". Siku utakayomtumia kutisha au kuadhibu, umemrudisha kuwa kitu cha kukimbiwa, na yule binti hatamwambia tena habari za mbuzi.

Kuhusu mzazi, usibishane naye kwenye veranda ya ofisi. Mkaribishe darasani, mkalishe nyuma, aone korosho zikihesabiwa. Kisha mpe Dodoki amvae mkononi, aongee na mwanawe. Ni vigumu mtu kukiogopa kitu alichokishika na kukisemesha mwenyewe. Ikiwa hoja yake ni ya kidini, kwamba ni sanamu, nenda kwa shehe wa hapo kabla yeye hajaenda. Hadithi ya Bibi Aisha na wanasesere wake inajulikana, na shehe ataieleza vizuri kuliko mimi na wewe. Unaweza pia kumwambia mzazi kwamba hili si la kigeni kama anavyodhani. Tanzania tuliwahi kuwa na toleo letu, Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, na malaria ilikuwa miongoni mwa mambo liliyofundisha. Humo alikuwemo Kami, msichana wa rangi ya haradali aliyeanzia Afrika Kusini kwenye Takalani Sesame mwaka 2002 akiwa kikaragosi cha kwanza kuishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watu wazima wengi hawakuthubutu hata kulitaja jina la ugonjwa. 

Kitu kimoja nakuomba usifanye: usishone kikaragosi kipya kila wiki. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miezi 21 video ya kupanga vikombe kwa ukubwa, kimoja ndani ya kingine. Wengine waliona Elmo akipanga, wengine mhusika wasiyemjua kabisa. Waliojifunza kuvipanga ni wale waliofundishwa na Elmo. Kufahamiana kulikuja kwanza, somo likafuata. Dodoki atoboke kisigino, mtie kiraka, aendelee kuja yeye yule.

Lugha nayo. Najua wapo watoto wako wanaofika Januari wakiwa na Kimakonde kizuri na Kiswahili cha salamu tu. Mwache Dodoki awe wa upande wao. Awe amekulia kwa bibi yake kijijini, kitu akikijua kwa Kimakonde aulize kwa Kiswahili kinaitwaje. Sesame Street ilifanya hivyo ilipomleta Rosita mwaka 1991, anayeongea Kihispania na Kiingereza bila kuona haya, na watoto wa nyumba zenye Kihispania wakapata mtu wao mtaani.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Mtoto akizoea kumwambia Dodoki mambo, ipo siku atamwambia jambo zito. Sesame Street ililifikia hilo kwa njia ndefu. Tangu 1971 Big Bird alikuwa na rafiki mkubwa mwenye manyoya ya kahawia, Snuffleupagus, ambaye watu wazima wa mtaani hawakuwahi kumwona. Kila walipofika ameshaondoka, na hawakumwamini Big Bird kwamba yupo. Miaka mingi kilikuwa kichekesho. Kisha miaka ya themanini habari za watoto kufanyiwa ukatili zikawa zinasikika wazi, na watengenezaji wakajiuliza: mtoto anayetazama anajifunza nini hapa? Anajifunza kwamba ukisema kweli watu wazima hawatakuamini. Tarehe 18 Novemba 1985 wakamleta Snuffleupagus mbele ya wote, watu wazima wakamwona na wakakubali kwamba Big Bird alikuwa anasema kweli muda wote.

Kwa hiyo Dodoki asiahidi kamwe kutunza siri. Mtoto akimwambia kwamba kuna mtu anamuumiza au anamshika vibaya, Dodoki aseme, "Umefanya vizuri kusema. Hili mwalimu lazima alisikie, atatusaidia," na pale pale umtazame mtoto kwa macho yako mwenyewe, soksi ikae kando. Usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwite mtuhumiwa. Mwone mwalimu mkuu, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Na namba 116 ya msaada kwa mtoto inapigwa bure.

Nimalizie na binti wa mbuzi. Usimshangilie. Ukisema mbele ya darasa, "Kumbe unaweza kuongea!" utamfunga mdomo hadi muhula ujao. Endelea kama vile ni kawaida, Dodoki amuulize mbuzi ameamkaje, basi. Ukiona amezoea, Dodoki aanze kusahau: "Jina la mbuzi lile nani vile? Mwambie mwalimu, mimi sikumbuki." Atamwambia Dodoki huku akikutazama wewe kwa pembe ya jicho, na hilo linatosha kwa wiki hiyo. Baadaye Dodoki "alale" kidogo kwenye mkoba, wewe umuulize kwa sauti ya chini swali la neno moja, mkiwa wawili, si mbele ya darasa. Wakati huo huo ongea na mama yake. Ikiwa nyumbani anapiga soga kama kawaida, ni woga wa shule na utaisha kwa njia hiyo hiyo polepole. Ikiwa hata nyumbani maneno ni machache, au anaitwa mara tatu ndipo ageuke, au sikio limewahi kutoa usaha, usingoje Dodoki amalize kazi: apelekwe hospitali ya wilaya apimwe masikio, na wakati anasubiri, mhamishie dawati la mbele, upande ambao sikio lake zima liko kwako.